Viendelezi vikigombana ndani ya VS Code: dalili, vyanzo na tiba

VS Code, kihariri cha kuandikia msimbo, ikianza kuleta fujo, wengi hukimbilia kuifuta yote na kuiweka upya. Hapa Lubumbashi tiba hiyo ni ghali. Mega (data ya mtandao) zinakwisha kwa kupakua, umeme unaweza kukatika katikati ya kazi, na ukimaliza unakuta fujo ileile inakungoja. Sababu ni kwamba kuondoa programu hakuondoi viendelezi (programu ndogo ulizoiongezea VS Code) wala mipangilio yako. Viendelezi vinakaa katika folda `.vscode/extensions` ndani ya folda yako ya mtumiaji. Mipangilio inakaa kwingine. Kwenye Windows ni `%APPDATA%\Code\User`. VS Code mpya ikifunguliwa inavikuta vyote na kuvichukua kama vilivyokuwa.

Ninapoandika haya nafikiria mashini ninazoletewa na vijana wa komini za Lubumbashi, yaani Katuba, Kenya na Kamalondo: kompyuta za mitumba zenye RAM ya GB 4, kibodi ya AZERTY, Windows ya Kifaransa, na viendelezi chungu nzima vilivyowekwa kwa kufuata video moja baada ya nyingine. "Yaya (yaani mkubwa wangu), mashini imekufa," ndivyo wanavyosema wakifika. Mashini haijafa. Mara nyingi viendelezi viwili vimepewa kazi moja, na hakuna aliyesema kipi kiifanye.

Shika jambo moja tangu sasa, kwa sababu kila kinachofuata kinalitegemea: mgongano una pande mbili. Ukizima kimoja, tatizo linaisha. Ukikiwasha hicho na kuzima mwenzake, tatizo linaisha vilevile. Kwa hiyo kiendelezi ulichokikamata si lazima kiwe ndicho kibovu. Unachotafuta ni jozi. Ukishaijua ndipo unaamua kipi kibaki na kwa kazi ipi. Anayefuta cha kwanza alichokishuku mara nyingi hupoteza alichokuwa anakihitaji na kubaki na asichokitumia.

Amri nyingi nitakazozitaja zinapatikana kwa kubonyeza F1 (au Ctrl+Shift+P) na kuanza kuandika jina lake. Kama VS Code yako iko kwa Kifaransa, jina la Kiingereza bado linafanya kazi humo, kwa hiyo nitayaacha majina kama yalivyo.

Je, ni viendelezi kweli?

Hifadhi kazi yako, funga madirisha yote ya VS Code, fungua terminali (dirisha la kuandikia amri) na uandike:

`code --disable-extensions`

Kama dirisha tayari liko wazi, amri ya `Developer: Reload With Extensions Disabled` inafanya kazi hiyohiyo. Rudia kile kilichokuwa kinaleta shida. Fujo ikitoweka, umethibitisha kwamba chanzo kiko miongoni mwa viendelezi ulivyoweka wewe.

Isipotoweka, usiseme bado kwamba VS Code ni mbovu. Jaribio hili lina mipaka miwili ambayo watu huisahau. Kwanza, halizimi viendelezi vilivyokuja na VS Code yenyewe, kama vile vya PHP, HTML na JavaScript. Pili, mipangilio yako yote inabaki ilivyo. Ili kupata VS Code safi kabisa bila kugusa yako, ielekeze kwenye folda tupu:

`code --user-data-dir jaribio/data --extensions-dir jaribio/ext`

Hapo unafungua kihariri kama kilivyo siku ya kwanza, na ukimaliza unafuta folda ya `jaribio` tu. Fujo ikibaki hata humo, angalia mradi wenyewe: ndani ya folda ya mradi kunaweza kuwa na faili ya mipangilio, `.vscode/settings.json`, iliyoachwa na mwenzako, na mipangilio ya mradi inashinda ile yako ya jumla. Na kama unachokiona ni dirisha jeusi au maandishi yanayometameta, hilo kwa kawaida ni suala la kadi ya picha. Jaribu `code --disable-gpu`. Kwenye mashini za zamani hiyo peke yake hutosha, na viendelezi havikuwa na kosa lolote.

Msimbo unajipanga, halafu unajipangua

Hii ndiyo dalili ninayokutana nayo kuliko zote. Unahifadhi faili ya JavaScript, alama za nukuu zinakuwa mbili-mbili. Unahifadhi tena, zinarudi kuwa moja-moja. Au nukta-mkato zinaongezwa na kuondolewa. Au unahifadhi tu na mistari yote inasogea kulia.

Ni mafahali wawili katika zizi moja. Prettier, ambayo kazi yake ni kupanga mwonekano wa msimbo, isipoambiwa vingine huandika nukuu mbili-mbili. ESLint ya mradi wako, ambayo hutafuta makosa katika JavaScript, huenda imewekewa kanuni ya nukuu moja-moja, nayo imeruhusiwa kurekebisha makosa kila unapohifadhi. Kila mmoja anatii kanuni zake, na faili yako ndiyo inayopata taabu.

Kuwajua wanaoshindania faili hakuhitaji kubahatisha. Fungua faili, bonyeza F1, andika `Format Document With`. VS Code itakuonyesha orodha ya vyote vinavyodai kazi ya kupanga lugha hiyo. Ukiona majina mawili au matatu, umepata wahusika kwa sekunde chache. Katika orodha hiyohiyo kuna mahali pa kuchagua kipangaji cha kawaida, lakini mimi napendelea kuandika kwa mkono ndani ya `settings.json`, lugha moja moja, ili nikirudi baada ya miezi nione nilichoamua:

```
"[javascript]": {
  "editor.defaultFormatter": "esbenp.prettier-vscode"
},
"[python]": {
  "editor.defaultFormatter": "ms-python.black-formatter"
}
```

Kisha angalia kama kuna kitu kinaitwa `editor.codeActionsOnSave` kwenye mipangilio yako. Humo ndimo ESLint hupewa ruhusa ya kurekebisha unapohifadhi (`source.fixAll.eslint`). Watu wanarekebisha kipangaji cha kawaida, wanaona tatizo linaendelea, wanakata tamaa, kumbe mlango wa pili bado uko wazi. Kama unataka kubaki na vyote viwili, na ni vizuri kubaki navyo kwa sababu ESLint inaona makosa ambayo Prettier haiyatazami, weka kifurushi cha `eslint-config-prettier` ndani ya mradi. Kazi yake ni kuzima zile kanuni za ESLint zinazohusu mwonekano tu. Prettier inabaki na mpangilio, ESLint inabaki na makosa, na hakuna anayeingilia kazi ya mwenzake.

Kwa Python shida inajitokeza zaidi kati ya watu kuliko ndani ya mashini moja. Kati ya vipangaji vya Python, Black inaruhusu mstari wa herufi 88, autopep8 inaishia 79. Wanafunzi wawili wanaofanya kazi moja, kila mmoja na chake, watakuwa wanavunja na kuunganisha mistari ya mwenzao kila siku, na Git, inayofuatilia mabadiliko ya faili, itaonyesha faili nzima imebadilika wakati mtu amegusa mstari mmoja. Hapo hakuna cha kurekebisha kwenye kompyuta kabla ya kukaa pamoja na kukubaliana. Mkishakubaliana, andikeni uamuzi huo ndani ya `.vscode/settings.json` ya mradi ili uende na mradi kokote.

Kuna hila mbili zinazofanana na mgongano lakini sio. `editor.detectIndentation` huwa imewashwa tangu mwanzo: VS Code inasoma faili, inaona imetumia nafasi mbili, na inapuuza nne ulizotaka wewe. Hakuna kiendelezi kilichohusika. Ya pili ni kwamba mpangilio uliofungwa kwa lugha, ule wenye `"[python]"` kichwani, unashinda mpangilio usiotaja lugha, hata kama huo wa pili umeandikwa ndani ya mradi. Ukibadilisha `editor.tabSize` ya mradi na kuona hakuna kilichobadilika, tafuta kama lugha hiyo ina kijisehemu chake katika mipangilio yako binafsi.

Unabonyeza { na dirisha lisilohusika linafunguka

Hili ni letu sisi wa AZERTY, na miongozo mingi hailitaji kwa sababu walioiandika wanatumia QWERTY, mpangilio wa kibodi za Kiingereza.

Kwenye kibodi ya AZERTY ya Kifaransa, alama ambazo msimbo unazihitaji kila dakika zinapatikana kwa AltGr: `#` ni AltGr+3, `{` ni AltGr+4, `[` ni AltGr+5, `\` ni AltGr+8, `@` ni AltGr+0. Windows inaichukulia AltGr kuwa sawa na Ctrl+Alt zikibonyezwa pamoja. Sasa mtengenezaji wa kiendelezi aliye mbali, mbele ya QWERTY, anachagua Ctrl+Alt+4 kwa amri yake. Kwake mkato huo (mchanganyiko wa vitufe unaoita amri) uko huru. Kwako wewe amechukua mabano yako. Unabonyeza ili uandike `{`, na badala yake amri inaendeshwa, au hakuna kinachotokea kabisa.

Nimeona watu wakitaka kununua kibodi nyingine kwa sababu hiyo. Kabla ya kutoa pesa, fungua Notepad na uandike `{` humo. Ikitoka, kibodi ni nzima na tatizo liko ndani ya VS Code.

Kisha washa `Developer: Toggle Keyboard Shortcuts Troubleshooting`. Paneli ya Output itaanza kuandika kila unachobonyeza na amri iliyokipokea. Bonyeza AltGr+4 mara moja, soma mistari ya mwisho, na utaliona jina la amri iliyokuja kuiba. Zima uchunguzi huo kwa amri ileile, maana mistari yake haina mwisho. Njia ya pili, kwa wasiopenda kusoma mistari hiyo, ni kufungua ukurasa wa mikato kwa Ctrl+K kisha Ctrl+S, kubonyeza kitufe kidogo cha kurekodi kilicho kwenye sanduku la kutafuta, na kubonyeza mkato wenyewe. Utaona amri zote zinazoutumia, na safu ya Source itakuambia kila moja imetoka wapi: VS Code, wewe, au kiendelezi gani.

Ukiipata, huna haja ya kuondoa kiendelezi. Bofya kulia kwenye amri hiyo na uondoe mkato wake, au uupe mkato mwingine. VS Code itaandika hivi kwenye `keybindings.json`:

```
{ "key": "ctrl+alt+4", "command": "-jina.la.amri" }
```

Alama ya kutoa mbele ya jina ndiyo inayofuta. Orodha ya mikato husomwa kuanzia chini kwenda juu, na kanuni zako zimewekwa chini kabisa, kwa hiyo neno lako linatangulia la kiendelezi chochote. Usiogope ukiona mkato mmoja una amri tatu au nne. Kila amri inaweza kuwa na sharti lake, moja ikifanya kazi ndani ya terminali na nyingine ndani ya kihariri tu, na hizo hazigombani. Zinagombana pale masharti yanapokutana.

Anayetumia kiendelezi cha Vim, kinachoiga kihariri cha jina hilo kinachoendeshwa kwa vitufe, anajua shida nyingine: kimeshika Ctrl+F, Ctrl+D na nyingi nyinginezo kwa makusudi, kwa sababu Vim ndivyo ilivyo. Andika `"vim.useCtrlKeys": false` kama unazitaka zote zirudi, au tumia `vim.handleKeys` uzirudishe moja moja.

Na kama ukibonyeza Ctrl+Alt na mshale skrini nzima inalala ubavu, usilaumu kiendelezi. Madereva ya zamani ya kadi za Intel ndiyo yaliyojichukulia mkato huo ili kugeuza skrini, na VS Code inautumia kuongeza kasa (cursor) ya pili. Zima mikato hiyo katika mipangilio ya Intel.

Kila pendekezo linatokea mara mbili, kila kosa limepigiwa mstari mara mbili

Ukianza kuandika jina la kazi (function) ya PHP na orodha ikakupa `strlen` mbili, una vyanzo viwili vya mapendekezo vinavyosoma faili moja. VS Code ina msaada wake wa PHP tangu mwanzo, na wewe umeongeza kiendelezi cha Intelephense juu yake. Nenda kwenye ukurasa wa viendelezi, andika `@builtin php` kwenye sanduku la kutafuta, na uzime kile kinachoitwa PHP Language Features. Acha PHP Language Basics kikiwa kimewashwa. Hicho kinahusika na rangi za msimbo.

Vue, mfumo wa JavaScript wa kutengeneza kurasa, ina jozi yake mashuhuri: Vetur ya zamani na Vue (Official), ambayo wengi bado wanaiita Volar. Zikikaa pamoja unapata makosa yasiyo na maana ndani ya faili lililo sawa kabisa. Kwa mradi wa Vue 3, zima Vetur. Kwa C++ jozi ni kiendelezi cha C/C++ cha Microsoft na clangd. Hapa wote wawili wanaweza kubaki, maana cha Microsoft kinasaidia kutafuta hitilafu wakati programu inaendeshwa. Ukizima sehemu yake ya mapendekezo kwa `"C_Cpp.intelliSenseEngine": "disabled"`, wanaelewana.

Jozi nyingine zimetokana na wakati kupita. Kitu ambacho zamani kilihitaji kiendelezi sasa kimo ndani ya VS Code, lakini video ya zamani bado inakuambia ukiweke. Rangi za mabano zimo ndani tangu toleo la 1.60 la Agosti 2021, na aliyetengeneza Bracket Pair Colorizer mwenyewe ameshasema kisitumike tena. Kufunga tagi za HTML kumo ndani pia, kwa hiyo ukiona `</div></div>` baada ya kuandika `<div>` moja, angalia kama umeweka Auto Close Tag. Pitia orodha yako ukiwa na swali hilo akilini na utaona vingapi vinaweza kuondoka bila kukosa chochote.

Wasaidizi wa akili bandia wanaoandika maandishi ya kijivu mbele ya kasa nao ni hivyohivyo. Wawili kwa pamoja watashindania nafasi ileile na kitufe kilekile cha Tab. Chagua mmoja.

Kihariri kizito, au kinaganda ukiandika

Viendelezi vyako vingi havina kila kimoja nyumba yake. Vinaendeshwa pamoja katika mchakato mmoja uliotengwa na dirisha lenyewe. Ndiyo maana kimoja kikikwama kwenye hesabu ndefu, mapendekezo ya vingine vyote yanachelewa, na unamshuku asiyehusika. Mchakato huo ukianguka unapata ujumbe wa `Extension host terminated unexpectedly`, na vyote vinazimika kwa pamoja.

Endesha `Developer: Show Running Extensions`. Utaona kila kilichowashwa na muda kilioutumia kuamka. Kile kilichoufanya mchakato ukwame huwekewa alama. Halafu, kutoka terminali, `code --status` inaonyesha kumbukumbu na nguvu ya prosesa inayoliwa na kila mchakato. Kwenye mashini ya GB 4 yenye kivinjari wazi pembeni, seva mbili za lugha (programu zinazotoa mapendekezo na kuonyesha makosa) peke yake zinaweza kukuacha bila nafasi, na hapo hata viendelezi visivyogombana vitaonekana vinagombana.

Dawa ni kutowasha kila kitu kila mahali. Bofya kiendelezi na uchague Disable (Workspace), nacho kitazimika kwa mradi huo tu. Cha Java hakina kazi katika mradi wa PHP.

Jana kilifanya kazi, leo hapana

Viendelezi hujisasisha vyenyewe kimyakimya mtandao ukipatikana. Kimoja kinapata toleo jipya, jirani yake anabaki na la zamani, na makubaliano yao yanavunjika. Fungua ukurasa wa kiendelezi unachokishuku, bofya gurudumu dogo la mipangilio, chagua Install Specific Version, na urudi toleo moja nyuma. Likifanya kazi, umepata saa ya tatizo na mhusika wake.

Kwa anayenunua mega kidogo kidogo ningeshauri `"extensions.autoUpdate": false` hata kama hana tatizo leo. Sasisha kwa hiari yako, siku una mtandao mzuri na betri imejaa, na si usiku wa kuamkia siku ya kuwasilisha kazi. Umeme ukikatika wakati kiendelezi kinawekwa, faili zake zinaweza kubaki nusu, na utaona malalamiko ya aina ya `Cannot find module`. Huo si mgongano. Kiondoe kupitia VS Code yenyewe, iwashe upya, kiweke tena.

Wengi wetu hubebeana viendelezi kwa flashi kama faili za `.vsix`, na ni njia nzuri ya kuokoa mega: `code --install-extension jina.vsix`. Uangalie mambo mawili tu. Baadhi ya viendelezi, kama cha C/C++, vina faili tofauti kwa Windows, Linux na macOS, na faili ya rafiki mwenye Linux haitakufaa. Na kiendelezi kinaweza kudai VS Code isiyopungua toleo fulani. Kwa wenye Windows 7 hili ni ukuta wa kweli, kwa sababu VS Code iliishia 1.70 kwao; Windows 8.1 iliishia 1.79. Humo, usilazimishe kiendelezi cha mwaka huu. Tafuta toleo lake la wakati ule.

Hujui kabisa ni kipi

Dalili yako haifanani na yoyote hapo juu, na viendelezi ni vingi. Usizime kimoja kimoja. Andika `Help: Start Extension Bisect`.

VS Code inazima nusu ya wanaoshukiwa, inapakia dirisha upya, na kukuuliza kama tatizo bado lipo. Wewe unajaribu na kujibu. Kwa jibu lako inajua mhusika yuko nusu ipi, inaigawa hiyo tena, na kuendelea. Viendelezi 32 vinahitaji raundi kama tano au sita. Jaribu kwa uaminifu kila raundi: jibu moja la haraka lisilo kweli linapeleka utafutaji mzima upande usio na kitu. Kama fujo huja na kuondoka, tafuta kwanza namna ya kuiita kila mara unapotaka, hata ikichukua muda, kisha ndipo uanze.

Mwishoni utapewa jina moja. Hapa ndipo nilipotaka ukumbuke lile la pande mbili. Wakati wa kugawa, VS Code huacha wasioshukiwa tena wakiwa wamewashwa, kwa hiyo inachokuletea ni kiendelezi ambacho kikizimwa tatizo linaisha. Haikuambii kilikuwa kinapigana na nani. Ili kumpata wa pili, washa kile ulichopewa peke yake na uzime vingine vyote. Fujo isipotokea, hakina kosa kikiwa peke yake. Rudisha vingine kwa mafungu, ukianza na vinavyohusu lugha ileile, mpaka irudi. Fungu lililoirudisha ndilo lenye mwenzake.

Utafutaji ukiisha bila jina, kuna uwezekano viendelezi viwili kila kimoja kinaleta tatizo lilelile, kwa hiyo kuzima kimoja hakuonyeshi nafuu. Nimekuta hivyo kwa vipangaji viwili vyenye mipangilio inayofanana. Rudi kwenye `Format Document With` au kwenye orodha ya mikato na usome majina mwenyewe.

Mbinu hii ya nusu kwa nusu si ya VS Code peke yake. Kwenye Emacs, kihariri kingine, anza na `emacs -Q`, ambayo haisomi faili lako la mwanzo kabisa, kisha funga nusu ya faili hilo kwa alama za maoni. Kwenye Vim anza na `vim --clean`. Vim inanifurahisha kwa jambo moja: `:verbose map` ikifuatwa na mkato inakuambia mkato huo umewekwa na faili gani na mstari wa ngapi. Anayefanya kazi kwenye seva za Linux ahifadhi amri hiyo kichwani.

Jozi umeipata. Sasa nani abaki?

Kwanza jaribu kuwagawia kazi kwa mipangilio, kama tulivyofanya kwa ESLint na Prettier. Ikishindikana, zima kimoja kwa mradi husika. Ikiwa unavihitaji vyote lakini kwa kazi tofauti, tumia wasifu (profile), uliopo tangu toleo la 1.75 la Januari 2023: wasifu mmoja wa PHP, mwingine wa Python, kila mmoja na viendelezi na mipangilio yake. Amri ya `code --profile "PHP"` inafungua moja kwa moja ule unaoutaka. Kwa mashini zetu ndogo hiyo ni nafuu mara mbili, kwa sababu kumbukumbu nayo inapumua.

Ukilazimika kuondoa kimoja, tazama tarehe ya mwisho kilipofanyiwa kazi na mtengenezaji wake, tazama kama VS Code yenyewe inafanya kazi hiyo sasa, na tazama wenzako wa mradi wanatumia kipi. Idadi ya waliokipakua nisingeipa uzito. Viendelezi vilivyoachwa miaka mingi bado vina idadi kubwa sana. Kabla ya kuondoa chochote, hifadhi orodha yako:

`code --list-extensions --show-versions > orodha.txt`

Faili hilo litakufaa pia ukiamua kumwandikia mtengenezaji kupitia `Help: Report Issue`. Mtajie viendelezi vyote viwili pamoja na matoleo yake, sema unatumia AZERTY kama tatizo ni la mikato, na mpe hatua za kuliita tatizo kwenye folda tupu. Wengi wao hawajawahi kukaa mbele ya kibodi kama yako, na hawatajua kwamba wamechukua `{` ya mtu mpaka mmoja wetu awaambie.